Msimgongee Mamba Kasia

Kiangazi kikishakolea, maji ya mito yakapungua na mafungu ya mchanga yakaanza kutoa migongo, ndipo mamba wanapoonekana kwa urahisi, na ndipo safari za boti zinapojaa. Rufiji, Grumeti, Mara, Katuma, Rusizi, hadi Nile ya Uganda chini ya maporomoko ya Murchison, wageni wanaulizia kitu kimoja: mamba mkubwa, wa karibu, mdomo wazi. Na wageni wenyewe siku hizi wengi ni sisi sisi, familia zilizotoka Dar es Salaam au Nairobi, vikundi vya ofisini, wanachuo waliochangishana nauli. Naandika kabla hamjafunga mizigo kwa sababu kuna mchezo umeanza kuzoeleka kwenye boti, nao usipokatazwa sasa utaua mtu. Huyo mtu huenda asiwe mgeni.

Mchezo wenyewe ni kumtupia mamba nyama ili asogee.

Nimeushuhudia kwenye mto mmoja ambao sitautaja, wala mwenye boti sitamtaja. Nahodha alizima injini kwenye kona yenye kilindi, akafungua boksi la chakula cha mchana, akachomoa paja la kuku. Hakulirusha papo hapo. Alichukua kasia akagonga ubavu wa boti, ko, ko, ko, kisha akanyamaza. Majini hapakuwa na kitu. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa, majani mawili matatu yakielea. Kisha kwa mbali vikatokea vinundu viwili, cha pua na cha macho, vikaja vimenyooka kutufuata, bila wimbi, bila sauti, mpaka tukaliona jicho lenyewe, la manjano yenye ukijani, mboni yake ufa mwembamba uliosimama wima. Paja halikuwahi kuzama. Ulisikika mlio mmoja mkavu wa taya, na maji yakajifunga. Abiria wakapiga makofi. Dada mmoja aliyekuwa ameegemea ukingo wa boti, kiwiko nje, akasema, "Kumbe wanafugika!" Nahodha akacheka: "Huyu ananijua, dada. Nikigonga tu, anakuja."

Taya sikuziogopa sana. Tulikuwa ndani ya boti pana yenye ukingo mrefu. Kilichonikosesha raha ni kule kugonga. Fikirini ni nani wengine wanaogonga kando ya mto ule. Yupo mvuvi anayepiga maji kwa pondo kuswaga samaki waingie wavuni. Yupo mama anayefulia, anayezipigapiga nguo juu ya jiwe. Yupo mtoto aliyetumwa maji, anayekuja huku ndoo tupu ikimgonga magotini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonja kuku wa watalii, lakini wote wanatoa mlio ambao mamba yule amefundishwa kuwa ni wa chakula. Mgeni atapanda gari saa tisa na jioni atakuwa hotelini. Mwenyeji ataamka alfajiri akachote maji palepale. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mchezo huu mgeni anakuja, na mwenyeji ndiye anayelipa.

Watu humdharau mamba wakidhani hana akili, ana meno tu. Mamba anajifunza, na penye chakula anajifunza upesi. Uwindaji wake wote umejengwa juu ya kukariri: pundamilia wanateremka wapi kunywa, saa ngapi, kwa njia ipi. Hana haraka. Mwili wake hauchomi chakula kama wetu, na mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila mlo wa maana akingoja mahali pamoja. Ndivyo wanavyoishi mamba wa Grumeti, ambao hungoja nyumbu wa uhamaji wapite kwao kati ya Mei na Julai, wakala wakashiba, kisha wakarudi kungoja. Mnyama mwenye subira hiyo, ukimwonyesha mara chache tu kwamba sauti ya binadamu inaleta nyama, hatasahau kwa sababu wewe umekwenda zako.

Nchi nyingine zimeshalitambua hili. Katika jimbo la Florida, Marekani, ni kosa kisheria kumlisha aligeta, yule jamaa wa mamba wa huko. Queensland, Australia, kumlisha mamba wa porini ni marufuku. Na ndani ya hifadhi zetu za taifa kulisha wanyama hairuhusiwi. Kila mwongoza watalii anajua. Tatizo ni kwamba mto haujui mpaka wa hifadhi. Rufiji ikishapita geti la Mtemere inakwenda Mloka na kushuka hadi Utete, katikati ya mashamba na vijiji, na boti hupanda na kushuka. Mamba naye hupanda na kushuka. Halafu, akishamjeruhi mtu, wanaitwa askari wa wanyamapori waje kumuua, na mara nyingi anayeuawa ni yule aliyekuwa karibu, awe ndiye mwenye kosa au la. Kwa hiyo hata anayempenda mamba kwa dhati ya moyo, akimtupia paja la kuku amemtangulizia risasi.

Kuna klipu zinazochochea ujinga huu. Mmeziona: mtu amechuchumaa nyuma ya mamba, ameshika mkia, anacheka, mwingine amemkalia mgongoni kabisa. Nyingi zinatoka Paga, kaskazini mwa Ghana karibu na mpaka wa Burkina Faso, au kwenye bwawa la Kachikally pale Bakau, Gambia. Klipu hizo ni za kweli. Mamba wale wameishi na watu kwa vizazi vingi, ni miiko kuwadhuru, na walinzi wa Paga huwatoa majini kwa kuwaonyesha kuku. Lakini kuna jambo ambalo klipu haisemi. Mamba wa Afrika Magharibi ni aina nyingine. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uliwatenganisha waziwazi: wale ni Crocodylus suchus, wadogo zaidi na watulivu zaidi; wa kwetu ni Crocodylus niloticus, mamba wa Nile, ambaye dume lake kufika mita nne si ajabu, na wapo wanaopita tano. Aliyemkalia mamba Ghana hakumkalia mamba wa Rufiji wala wa Ziwa Rukwa. Mimi hata yule wa Ghana nisingemkalia, lakini hilo ni la kila mtu na roho yake.

Kosa la pili linafanana na hilo, ila limegeuzwa upande wa pili: kuamini kwamba anayeua ni lile dubwana moja la kwenye hadithi. Wanaokwenda Burundi, kwenye delta ya Rusizi na fukwe za Bujumbura, huulizia Gustave, mamba aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye na kutangazwa dunia nzima kwa filamu ya mwaka 2004. Anasemwa kala watu mia tatu, hesabu ambayo haijawahi kuthibitishwa. Hadithi tamu hiyo imeleta hasara moja: msafiri akiona mamba wa mita mbili na nusu anasema, "Aa, huyu mtoto." Mamba wa mita tatu anamtosha mtu mzima mwenye nguvu zake. Na majini hutamwona wa mita tatu. Utaona kichwa, au nusu ya kichwa. Watu wanaofanya kazi na mamba hutumia kipimo cha haraka: urefu wa kichwa zidisha kwa saba. Kichwa cha nusu mita ni mamba wa mita tatu na nusu. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kusema ni mtoto.

Ila hatari kubwa iko kwa yule usiyemwona kabisa. Macho, pua na masikio ya mamba yako juu ya fuvu, kwa hiyo anakuona, anakunusa na anakusikia huku mwili wote umezama. Kwenye ngozi ya taya zake kuna vidoadoa vyeusi vidogo. Ukimtazama kwa darubini utavidhania uchafu. Hivyo ni viungo vya kuhisi, vinavyopokea mtikisiko mdogo mno wa maji, hata gizani, hata maji yakiwa tope tupu. Mkono unaochezeshwa majini kando ya boti, au mguu unaooshwa matope kwenye gati, kwake ni habari iliyomfikia tayari. Nyuma ya ulimi ana kizibo kinachofunga koo, ndiyo maana anaweza kukamata windo chini ya maji mdomo ukiwa wazi asinywe hata tone. Anaweza kukaa chini nusu saa na zaidi akitaka. Kwa hiyo ile kauli ya wasafiri, "tumeangalia dakika kumi, hamna kitu," haina uzito wowote. Dakika kumi ni yeye aliyekuwa anawaangalia.

Septemba 2017 mwandishi kijana wa gazeti la Financial Times la Uingereza alikuwa mapumzikoni karibu na Arugam Bay, Sri Lanka. Alisogea ukingoni mwa maji, taarifa zilisema kunawa mikono, akachukuliwa na mamba. Hakuwa akiogelea wala akipiga picha. Mwaka 1966, kijana wa Kimarekani wa Peace Corps alikwenda Gambela, magharibi mwa Ethiopia, akaingia kuoga Mto Baro pamoja na wenzake ingawa wenyeji walikuwa wamewaonya kwamba kuna mamba mla watu. Waliyapuuza maonyo. Mamba alimchukua yeye peke yake kati ya kundi.

Kisa kinachonirudia zaidi kichwani, hata hivyo, ni cha Mto Lukuga, ule unaopokea maji ya Ziwa Tanganyika pale Kalemie na kuyapeleka Lualaba. Desemba 2010 Hendrik Coetzee, raia wa Afrika Kusini, alikuwa akipiga kasia humo na Wamarekani wawili, kila mtu na kayaki yake. Huyu hakuwa mgeni wa mito. Mwaka 2004 aliongoza msafara ulioifuata Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania, na kwenye maji yenye mamba na viboko yeye ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wenzake wakae vipi, wapite wapi. Siku ile walikuwa wamekaribiana kama inavyotakiwa. Mamba alitokea nyuma yake, akamkamata, akampindua na kayaki yake. Wenzake walikuwa umbali wa kunyoosha mkono, wakaona, na hawakuwa na la kufanya. Mwili wake haukupatikana. Nawasimulia hawa watatu kwa sababu mmoja alikuwa hajui, mmoja aliambiwa akapuuza, na mmoja alijua kuliko sisi sote. Kinachowaunganisha ni kwamba walikuwa usawa wa maji.

Hapo ndipo penye mstari wa kushika. Mamba anatazamwa kutoka juu au kutoka mbali. Hatazamwi ukiwa usawa wake.

Mstari huo ndio unaovunjwa kila msimu kwenye vivuko vya nyumbu. Julai 2025 ilisambaa video iliyopigwa Mto Mara, upande wa Serengeti: watalii wameshuka magarini, wamejipanga ukingoni, wamewazibia nyumbu njia ya kuvukia. Kelele iliyopigwa baadaye ilihusu nyumbu, na ilistahili. Mimi nilikuwa natazama miguu ya watu. Kingo za Mara ni udongo uliochimbuliwa chini na maji na kukanyagwa na maelfu ya kwato juu. Hubomoka bila taarifa. Mtu aliyesimama pale ameupa mto mgongo ili apige selfi, chini yake kuna mamba ambao wamekusanyika kwa sababu ya kivuko, na wamezoea kwamba kinachoporomoka kutoka juu ni chakula. Dereva akiwaambia msishuke, hajali viatu vyenu kuingia vumbi. Na dereva akiwaruhusu kushuka, kataeni nyinyi.

Sasa kuhusu fukwe na kambi. Ushauri mliopewa na shangazi au rafiki aliyekwenda miaka ya nyuma, "pale hakuna mamba, sisi tulioga," utupeni. Maji ya ukanda huu yamehama. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020, na likapanda tena 2024. Ziwa Baringo lilipanda likameza nyumba, shule na hoteli, na mamba na viboko wakasogea pamoja na maji hadi mlangoni mwa watu. Ziwa Tanganyika limeingia mitaa ya Gatumba na ya kando ya Bujumbura. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, ikafunika mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yakitanda, mamba hutanda nayo. Yakirudi mtoni, si wote wanaorudi. Wengine hubaki kwenye madimbwi na mabwawa ambayo jana hayakuwepo, na kwenye ramani ya simu yako hayapo hadi leo.

Na msidhani ukame ni salama. Pale Katavi, Mto Katuma unapokauka, mamba hujichimbia kwenye mapango ya kingo na kulala humo wamerundikana, wakingoja mvua. Wengine hutembea usiku kutafuta dimbwi lililobaki. Bonde la mto lililokauka, lenye mchanga mzuri wa kutandika mkeka, linaweza kuwa na macho ukingoni mwake.

Mafungu ya mchanga nayo yana hadithi yake. Kiangazi ndicho msimu mamba jike anapochimba shimo mchangani na kutaga, mara nyingi mayai arobaini hadi sitini, akayafukia, kisha akalala karibu nayo miezi kama mitatu, akila kidogo au asile kabisa. Watoto wakiwa tayari kutoka hulia wakiwa ndani ya mayai. Yeye huwafukua na kuwabeba kwa mdomo uleule hadi majini. Sasa boti inakuja na wageni wenye vinywaji, inapandishwa kwenye fungu lilelile kwa ajili ya chakula cha mchana. Ama jike atawatokea, na jike mwenye kiota hatanii, ama atakimbilia majini na kuacha mayai wazi. Hugh Cott, Mwingereza aliyewachunguza mamba wa Uganda miaka mingi, aliliona hilo chini ya Murchison tangu miaka ya 1960: boti za watalii zikipita karibu mno, majike wanaacha viota, kenge wanakuja kula mayai. Kwa hiyo ile picha ya mandari mchangani ina mawili, kufa kwa mtu au kufa kwa kizazi cha mamba, na sijui kwa nini tupange kuchagua. Kuleni ndani ya boti.

Kambini, shikeni vipimo vya Waaustralia, kwa sababu wao wameishi na mamba mkubwa wa maji chumvi na kuandika sheria zao kwa damu: hema lisikaribie maji kwa chini ya mita 50, na mtu asisimame ndani ya mita tano za ukingo bila sababu. Msipige mswaki mtoni. Msioshee vyombo wala kuparia samaki pale mnapopandia boti; matumbo ya samaki yanayotupwa gatini ni paja la kuku kwa jina lingine. Mkitaka maji, chukueni kwenye tangi, au muulizeni mwenyeji anachota wapi. Baadhi ya vijiji vya kando ya Ziwa Victoria vimejengewa vizimba vya kuzuia mamba, na watu huchota ndani yake. Kizimba hicho hakikuwekwa kwa ajili ya picha. Mkipewa nafasi ya kuchota humo, choteni humo, na msikiache wazi. Halafu msirudi ukingoni mahali palepale, saa ileile, siku ya pili na ya tatu. Mwenyeji mwenye busara hubadilisha njia. Mgeni hupenda kiti chake cha jana.

Kumtazama vizuri inawezekana, na raha yake ni kubwa kuliko ya kuku. Ombeni safari ya asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo, maana ndipo mamba anapotoka kuota jua. Atalala mdomo wazi. Huo si mtego wala hasira, anarekebisha joto la mwili. Boti ikae katikati ya mkondo, injini ikinguruma polepole, na darubini ifanye kazi ambayo mlitaka miguu iifanye. Mtaona ndege wakitembea karibu naye, mtaona mburuzo wa tumbo lake kwenye matope, mpana, umelambwa laini, na alama za kucha pande zote mbili. Mkiuona mburuzo mbichi mahali mlipotaka kushuka, mmeshajibiwa. Usiku, kwa tochi kutoka kwenye baraza iliyoinuka, mtaona macho yaking'aa mekundu juu ya maji. Hesabuni jozi. Watu wengi hunyamaza wakifika idadi ambayo hawakuitarajia kwenye kidimbwi walichokisifia mchana.

Nimesema mengi juu ya manahodha, na haki yao niiseme pia. Wengi wao hawapendi kulisha mamba. Wamezaliwa vijiji vilevile, na kuna waliozika ndugu. Wanalisha kwa sababu mgeni aliyepita aliacha bakshishi nono baada ya mamba kuruka, na yule aliyeonyeshwa mamba wa mbali akashuka ananuna. Kwa hiyo mwenye kumaliza mchezo huu ni abiria. Kabla boti haijaondoka gatini, mwambieni kwa heshima, wengine wakisikia: "Kaka, sisi hatutaki mamba alishwe. Tukae mbali, tuone kwa darubini." Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo, kisha sema hivyohivyo. Mkirudi, mpeni bakshishi yake, tena mzidishieni, na mseme ni kwa ajili gani. Mwenzake atauliza.

Akigonga kasia hata baada ya kuambiwa, msiridhike na kununa. Angalieni saa, mkariri kona ya mto, someni jina lililoandikwa ubavuni mwa boti. Ndani ya hifadhi ya taifa Tanzania taarifa iende kwa wahifadhi wa TANAPA. Nje yake kwa TAWA. Kenya kwa KWS. Uganda kwa mamlaka yao ya wanyamapori. Penye mtandao mbovu, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, siku hiyohiyo, maana yeye anawajua wanaochota maji kona ile na atawaambia wahame. Klipu mliyorekodi msiipandishe mitandaoni na vicheko. Kila anayeipenda ni mteja wa nahodha anayefuata.

Na ikitokea. Mamba akitoka kwenye maji akuelekee, kimbia moja kwa moja kutoka majini, kupanda juu. Kile kisa cha kukimbia kwa kupindapinda ni porojo. Nchi kavu hafukuzi mbali, zile hatua za mwanzo ndizo zake. Akimkamata mtu, aliyekamatwa apigane bila kuacha, vidole machoni na puani, na akiweza kufikia nyuma ya ulimi asukume kile kizibo cha koo. Wapo walioachiwa hivyo. Walio nje wasirukie majini. Wapige kwa kasia, kwa pondo, kwa chochote kirefu, na wamshike mwenzao wavute wote pamoja kabla mamba hajaanza kujizungusha. Mtu akishatoka, bana damu kwa kitambaa safi, nguvu zote, na safari ya kituo cha afya ianze papo hapo hata kama vidonda ni vitundu vinne vidogo. Mdomo wa mamba una vijidudu vinavyoozesha nyama kwa siku chache, na meno yake huvipeleka chini sana. Mwambieni daktari waziwazi kuwa ni mamba, msiseme amejikata, ili asafishe hadi ndani kabla ya kufikiria kushona, aanze dawa za kuua vijidudu mapema, na achome sindano ya pepopunda.